Kuchora nasaba ya Medici wa Firenze: tarehe kwanza, mchoro baadaye

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi wa historia aliyetaka kuchora nasaba ya ukoo wa Medici, matajiri wa benki waliotawala mji wa Firenze nchini Italia, kutokana na hati zenyewe. Namuunga mkono kwa moyo wote, kwa maana michoro iliyozagaa mtandaoni hurithishana makosa.

Hatua ya kwanza: tenganisha matawi. Anza na Giovanni di Bicci, aliyeanzisha benki ya ukoo mwaka 1397 na kufariki mwaka 1429. Kwa mwanawe Cosimo alitoka Lorenzo il Magnifico (yaani Lorenzo Mtukufu), mjukuu wa Cosimo huyo. Kwa mwanawe mwingine, Lorenzo, walitoka watawala wa Toscana kuanzia Cosimo wa Kwanza mwaka 1537 hadi Gian Gastone, aliyefariki mwaka 1737 bila mtoto. Majina hujirudia mno, kwa hiyo andika kila mtu pamoja na baba yake na babu yake.

Hatua ya pili: kusanya hati. Barua za ukoo za kabla ya utawala wa madyuki zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Firenze, na picha zake zinasomeka mtandaoni. Madaftari ya ubatizo ya mji huo yanaanzia mwaka 1450. Mpe kila mtu kadi yake ya karatasi. Mimi naipenda kadi kuliko programu yoyote, kwa sababu ina nafasi ya kuandika tarehe mbili na maelezo yake.

Hatua ya tatu: rekebisha tarehe. Hapa usiwe na haraka. Hadi mwaka 1749, mwaka wa Firenze ulianza tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, wala si tarehe 1 Januari. Kwa hiyo hati ya tarehe 1 Januari hadi 24 Machi hubeba mwaka ulio nyuma ya wetu kwa mmoja. Lorenzo il Magnifico alizaliwa tarehe 1 Januari 1449, lakini kwa hesabu ya mji wake siku hiyo ilikuwa bado ya mwaka 1448. Dyuki Alessandro wa Medici, aliyetawala Firenze kabla ya Cosimo wa Kwanza, aliuawa Januari 1537, ambayo kwa Wafirenze ilikuwa Januari 1536. Ukiinakili ilivyo, utakuwa umemuua kabla ya harusi yake na Margherita, binti wa Kaisari Karolo wa Tano, iliyofanyika Firenze Juni 1536.

Usiongeze mwaka kabla ya kuhakikisha hati iliandikwa wapi. Venezia ilianza mwaka tarehe 1 Machi. Pisa, ingawa iko karibu na Firenze, ilianza tarehe 25 Machi lakini ikiwa mbele, hivyo kuanzia siku hiyo hadi Desemba mwaka wake unauzidi wetu kwa mmoja. Tena, baadhi ya wahariri wa siku hizi waliochapisha hati hizo wameshabadilisha tarehe, na ukiongeza mwaka juu ya marekebisho yao utaharibu kazi yote. Soma dibaji kwanza. Ukikuta 1448/49, mhariri amekupa hesabu zote mbili.

Angalia na saa. Waitalia wa wakati huo walihesabu saa tangu machweo, kwa hiyo saa tatu ya usiku ni saa tatu baada ya giza kuingia, kama tuhesabuvyo sisi, na mtoto aliyezaliwa saa hiyo huweza kuandikwa chini ya tarehe ya siku inayofuata. Tofauti ni kwamba wao hawakuanza upya asubuhi bali waliendelea hadi saa 24, na machweo ya Firenze huhama sana kati ya Desemba na Juni.

Hatua ya nne: chora. Usiwasahau wanawake. Mama yake Cosimo wa Kwanza, Maria Salviati, alikuwa mjukuu wa Lorenzo il Magnifico kwa binti yake Lucrezia, na bila mstari wake matawi mawili yatabaki yametengana katika mchoro ilhali yalikwisha kuungana kwa damu.