SOMO: Kunyoa ndevu kwa mashine ya chuma ya wembe mmoja

Wadau, swali ni lile lile kila siku: "Nimenunua mashine ya bei mbaya, mbona inanichinja?" Naandika hapa mara moja, nisirudie tena.

Yangu ni Merkur 34C, ya Solingen, Ujerumani. Ni vipande viwili tu, kifuniko na mpini, na uzito wake unapita gramu 70. Uzito huo ndio ulioulipia hela. Wembe wake ni huu huu wa dukani kwa Mangi, Topaz au Nacet, unaingia bila shida.

1. Oga kwanza, au kanda ndevu kwa taulo la maji ya moto.

2. Shika wembe kwenye ncha zake fupi, upachike chini ya kifuniko, kaza. Makali yachomoze sawasawa pande zote mbili.

3. Povu liwe zito kama mtindi. Likiwa na viputo, ongeza kusugua brashi.

4. USIKANDAMIZE. Zile mashine za plastiki zimetuzoesha kukandamiza, na hapa ndipo damu inapotoka. Shika mpini karibu na mwisho wake wa chini. Egemeza kifuniko shavuni, mpini ukiwa umenyooka mbali na uso, kisha ushushe taratibu mpaka makali yaguse. Pembe kati ya wembe na ngozi ni kama nyuzi 30 hivi. Utasikia ndevu zinakwaruza. Ukiacha kuusikia mlio huo, pembe imepotea, simama uanze upya. Vuta kwa urefu wa vidole viwili tu, ukifuata ndevu zinakoelekea. Shingoni pitisha kwanza vidole: upande mmoja huweza kulala chini na mwingine pembeni. Usiburuze mashine kwa ubavu hata kidogo, hapo unajikata kama nyanya.

5. Maji baridi, kisha shabu iliyoloweshwa. Suuza wembe, usiufute kwa taulo.

MASWALI

Chuma_Mbeya: Mkuu, inatumia wembe gani?

Jibu: Soma juu.

Babu_Kijana: Haikati vizuri, nimekandamiza kidogo tu nimekatika kidevuni.

Jibu: Hatua ya 4 nimeiandika kwa herufi kubwa. Badilisha wembe, kama ni butu hata ukandamize vipi utajiumiza.

Mtu_wa_Tanga: Kaka, ndevu zangu ni za kipilipili, shingo imejaa vipele. Hii itanisaidia?

Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Nywele za kujikunja zikikatwa chini ya ngozi, ncha hurudi kuchoma ndani, ndiyo hivyo vipele. Mashine ya nyembe nyingi huinua unywele na kuukata chini zaidi. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi. Lakini usinyoe kinyume na ndevu, wala usiivute ngozi. Pita mara moja, baki na kivuli cha ndevu, haina ubaya. Kama vipele vimewaka sasa hivi, acha kunyoa kwanza vipoe. Vikiwa na usaha, nenda kwa daktari wa ngozi.

Mama_Wawili: Mume wangu na kijana wangu watumie moja?

Jibu: Bora kila mtu awe na mashine yake, dada. Wembe kila mtu wake, homa ya ini haina utani.

Fundi_Saidi: Nyembe zilizokwisha msitupe wazi kwenye taka, wazoa taka wanakatwa. Chukueni kopo la maziwa, toboeni mfuniko mwanya mwembamba, mtumbukize humo.

Jibu: Asante fundi. Likijaa, gongeni mwanya ufunge kabla ya kulitupa.