SOMO: Kujaza ritani ya KRA mwenyewe bila kujiharibia (wenye mshahara, someni hatua ya 6 mara mbili)

Kila Juni, watu wanapojaza ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka kwa KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya) kwenye mfumo wake wa mtandaoni, iTax, simu yangu inageuka kuwa ofisi. Binamu, jirani, watu wa chama, hata mwalimu wa mtoto wangu, wote na swali lilelile: "Mbona iTax inasema nadaiwa na ushuru nilikatwa?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo cha somo hili.

Hili ni la mwajiriwa anayeishi Kenya na ana P9, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa mwaka mzima. Mwenye biashara au nyumba za kupangisha atapata machache hapa, lakini si yote.

Hatua ya 1. Ingia iTax kwa PIN (namba yako ya mlipa ushuru) na nywila yako. Wewe, si kijana wa saiba (duka la intaneti).

Hatua ya 2. Chukua P9 kwa mwajiri. Hakikisha ni ya mwaka uliopita, jumla za chini zipo, na PIN ya mwajiri inasomeka. Payslip ya Desemba si P9.

Hatua ya 3. Chagua ritani ya mkazi binafsi na uweke tarehe ya kuanzia, 1 Januari ya mwaka uliopita. Si ya mwaka huu.

Kuna fomu ya Excel na kuna ile fupi ya wenye mshahara pekee, inayojazwa palepale mtandaoni. Mwenye mshahara pekee atumie fupi. Ukikuta sehemu zimejaa tayari, usifurahi ukabonyeza tu. Linganisha kila tarakimu na P9. Wa Excel: ruhusu macros, usinakili na kubandika, na lile faili la zip linalotoka mwishoni usilifungue wala kulibadilisha jina.

Hatua ya 4. Weka PIN ya mwajiri na jumla ya mshahara kabla ya makato. Kama mwaka huo ulikuwa na waajiri wawili, weka wote wawili. Wengi humsahau yule wa miezi mitatu ya kwanza, na yeye alishaipelekea KRA jina lako zamani.

Hatua ya 5. Makato yanayopunguza mapato yanayotozwa ushuru. Hapa ndipo lile deni la ajabu huzaliwa. Umeweka mshahara wote hatua ya 4, kisha ukasahau kuweka mchango wa pensheni, basi mfumo unakutoza ushuru juu ya pesa ambazo mwajiri hakuzitoza. Tangu 27 Desemba 2024 kikomo cha pensheni ni 30,000 kwa mwezi, na SHIF (bima ya afya ya taifa) pamoja na ushuru wa nyumba navyo hutolewa kwanza kabla ya kupiga hesabu. Viko kwenye P9. Viweke.

Hatua ya 6. PAYE, ushuru ambao mwajiri hukukata kwenye mshahara kila mwezi. Keti vizuri.

P9 ina safu mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ni "Tax Charged", ushuru kabla ya nafuu (punguzo la ushuru). Nyingine, mwisho kabisa kulia, ni PAYE yenyewe, yaani pesa zilizotoka mfukoni mwako. Tofauti yake ni nafuu ya kibinafsi: 2,400 kwa mwezi, 28,800 kwa mwaka. Tuseme mapato yako yanayotozwa ushuru ni 60,000 kwa mwezi. Za kwanza 24,000 zinatozwa asilimia 10, hiyo ni 2,400. Zinazofuata 8,333 zinatozwa asilimia 25, hiyo ni 2,083.25. Zilizobaki 27,667 ni kwa asilimia 30, hiyo ni 8,300.10. Jumla 12,783.35. Toa nafuu 2,400, mwajiri anakukata 10,383.35. Panapoulizwa ushuru uliokatwa, jibu ni hiyo ya pili mara kumi na mbili: 124,600.20. Si 153,400.20.

Juni 2022, nikijaza ya mwaka wa 2021, mimi mjuaji niliweka ya kwanza. Chini nikaweka nafuu ya 28,800 kama kawaida. Nafuu ikahesabiwa mara mbili, na skrini ikaniambia serikali hainidai, mimi ndiye ninayeidai, shilingi 28,800 kamili. Nilifurahi! Nikampigia mama mkwe nikamwahidi mbuzi wa Krismasi. Nikaomba marejesho, nikatakiwa kuambatisha P9. Nilipoifungua ili niitume ndipo nikaona ile safu ya kulia, na mwili ukaniisha nguvu. Nikarudi kurekebisha ritani kabla sijaulizwa swali ambalo sina jibu lake.

Kwa hivyo: ukiona marejesho ya 28,800 kamili, au yanayokaribia hapo kwa senti chache, hujashinda chochote. Umekosea safu. Na ukiona deni la 28,800, umesahau kuweka nafuu.

Hatua ya 7. Kabla ya kutuma, tazama tarakimu ya mwisho. Aliyefanya kazi mwaka mzima kwa mwajiri mmoja, bila mapato mengine, anatarajia sifuri au shilingi chache huku au kule. Nje ya hapo, rudi hatua ya 5 na 6.

Hatua ya 8. Tuma, pakua risiti, ihifadhi mahali pengine zaidi ya simu.

Mwisho ni 30 Juni. Ukichelewa, faini ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Na jambo ambalo wengi hawalijui: kama kuna ushuru wa kulipa, siku ya mwisho ya kuulipa ni 30 Aprili, si Juni. Ukipita hapo kuna asilimia 5 ya kuchelewa kulipa na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

MASWALI

kijana_wa_umoja: Boss sijasoma yote niko kazini. Si niweke nil tu iishe?

Mwandishi: Umesema uko kazini. Nil, ritani ya sifuri, ni ya asiye na mapato.

kijana_wa_umoja: Lakini saiba wamenifanyia nil miaka miwili na hakuna kitu kimetokea.

Mwandishi: Hakijatokea bado. Mwajiri wako hupeleka jina lako, PIN yako na mshahara wako kila mwezi. Halafu wewe unakuja Juni kusema hukupata hata shilingi. Tafuta P9 za miaka hiyo miwili, fungua sehemu ya kurekebisha ritani, uzirekebishe zote mbili. Soma somo lote kwanza.

tuition_jioni: Asante sana mwalimu. Swali: mchana nimeajiriwa, jioni nafundisha mahali pengine kwa 20,000 kwa mwezi. Kule jioni hawanikati PAYE hata kidogo, wanasema mshahara ni mdogo. Nikijaribu kuweka P9 zote mbili inaniambia nadaiwa 72,000. Nimekosea wapi?

Mwandishi: Hujakosea, dada, na nakupongeza kwa kujaribu kabla ya kuuliza. Wa jioni amekuhesabia kana kwamba huna kazi nyingine: 20,000 kwa asilimia 10 ni 2,000, nafuu ya 2,400 ikaimeza yote, ikabaki sifuri. Lakini nafuu ni moja kwa mtu, na ile asilimia 10 ya chini ulishaitumia mchana. Kama mchana unatozwa juu ya 60,000, basi hizi 20,000 zinakalia asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Hiyo ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Deni ni la kweli. Mwambie wa jioni leo leo akuandikishe kama mwajiri wa pili na akukate bila nafuu, ili deni la mwakani lipungue.

tuition_jioni: Heh. Bora ningejua Januari. Nitamwona kesho asubuhi.

mama_wawili: Na bima? Nalipia bima ya maisha na ya elimu ya watoto.

Mwandishi: Swali zuri, nililiruka. Unapata nafuu ya asilimia 15 ya unacholipa, isizidi 60,000 kwa mwaka. Ya elimu lazima iwe ya miaka 10 au zaidi. Omba cheti cha mwaka kutoka kampuni ya bima, maana mfumo unataka maelezo ya sera. Angalia P9 kwanza: kama mwajiri alishakupa nafuu hiyo, ni kunakili tu. Kama hakukupa, utaona marejesho, na hayo ni ya haki.

mtu_wa_haraka: Nakutumia PIN na password inbox unifanyie, nitakutoa lunch

Mwandishi: Usinitumie. Usimtumie mtu yeyote.

fundi_stima: Hapo umegusa. Mimi PIN yangu ilifunguliwa saiba 2014 na barua pepe ni ya yule jamaa wa saiba. Nikisahau nywila, ujumbe unaenda kwake. Duka lenyewe lilishafungwa.

Mwandishi: Wako wengi kama wewe. Ukiwa bado unaweza kuingia, badilisha barua pepe na namba ya simu leo, kabla ya kujaza chochote. Kama huwezi kuingia, beba kitambulisho uende Huduma Centre, na usingoje wiki ya mwisho ya Juni; foleni yake naijua.

mhitimu_mpya: Na sisi wa chuo tusio na kazi? Nina PIN niliyochukua kwa ajili ya HELB (mkopo wa chuo) tu.

Mwandishi: Wewe ndiye nil iliumbwa kwa ajili yako. Ifanye kila mwaka. Siku utakapopata kazi utaitishwa cheti cha kutodaiwa ushuru, na faini za miaka minne ukizijumlisha ni 8,000 kabla hujapokea mshahara wa kwanza.

pwani_hoyee: Mbuzi je?

Mwandishi: Alinunuliwa. Mkopo wa chama.

nimeachishwa_agosti: Kaka, mimi nilifanya kazi Januari hadi Agosti tu. Nimefuata hatua zote, safu ya kulia kabisa, nimeangalia mara tatu. Bado inaniambia nina marejesho ya zaidi ya 20,000. Naogopa kutuma baada ya kusoma habari za mbuzi.

Mwandishi: Pole kwa kazi. Tuma, ndugu. Mwajiri alikukata kila mwezi kama mtu atakayepata mshahara huo miezi kumi na miwili. Ritani inahesabu mwaka mzima, na mwaka wako mzima una pesa za miezi minane, kwa hivyo sehemu kubwa zaidi imeangukia asilimia 10 na 25. Zilizozidi ni zako. Ukishatuma, uombe marejesho kivyake kwenye iTax, hayaji yenyewe, na hakikisha akaunti ya benki uliyoandika bado iko hai. Kama ilikuwa ya mshahara na benki wameifunga, anza na hiyo.