Roleri haina nguvu ya kutembea? Anza na presha ya chaji

Roleri ikigoma mlimani, au ikitembea vizuri asubuhi kisha ikalegea oili ikipata moto, lawama ya kwanza huenda kwa pampu kubwa. Inashushwa, inafunguliwa, hela inatoka, na ugonjwa unabaki pale pale. Mara nyingi tatizo lipo kwenye presha ya chaji, ile ndogo ya bar 20 hadi 30, ambayo hakuna aliyeipima. Hatua hizi ni za roleri za kushindilia barabara, lakini mashine yoyote inayotembea kwa haidroliki ya mzunguko uliofungwa inafuata mantiki hiyohiyo.

Kwanza, elewa kinachopimwa. Pampu kubwa inasukuma oili kwenda kwenye mota za matairi na dramu, na oili hiyo inarudi moja kwa moja kwenye pampu bila kupita tangini. Njiani kiasi fulani huvuja kati ya pistoni na bloku zake, kikarudi tangini kwa hosi za dreni. Pampu ndogo iliyofungwa mgongoni mwa pampu kubwa ndiyo inayojaza pengo hilo, na hiyo ndiyo pampu ya chaji. Presha yake pia inafungua breki ya kuegesha na kusukuma sahani inayoamua mashine iende mbele au nyuma. Ikishuka, vyote vinayumba pamoja: breki inashika nusu na kunuka, liva inachelewa kuitikiwa, pampu inalia.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kushika spana

Egesha mahali tambarare, weka vigingi matairini, zima injini. Angalia kimo cha oili na hali yake. Povu maana yake hewa inaingia upande wa kufyonza: klipu imelegea au hosi imepasuka ndani. Rangi ya maziwa ni maji. Harufu ya kuungua ni joto lililopita kiasi, basi safisha rejeta ya oili kwanza, maana vumbi la barabarani huiziba haraka.

Toa filta na uikate kwa kisu. Vumbi jembamba la rangi ya shaba linatoka kwenye viatu vya pistoni na sahani zake. Vipande vinavyoshikwa na sumaku ni chuma cha beringi au gia. Ukiviona, endelea kupima, lakini ujue kuna kitu kitakachofunguliwa.

Kagua pia valvu ya kukokotea, ile inayolegezwa ili mashine iweze kuvutwa. Mashine ikishavutwa, watu husahau kuikaza. Chaji itakuwa nzuri, lakini mashine haitaenda mbele wala nyuma.

Hatua ya 2: Funga geji

Unahitaji geji ya bar 0 hadi 60 kwa chaji na mbili za bar 0 hadi 600 kwa pande mbili za presha kubwa. Usifunge geji ndogo upande wa presha kubwa, itapasuka usoni mwako. Mashine nyingi zina nipeli za kupimia zenye meno ya M16x2. Zifute vumbi kabla ya kufungua kifuniko. Usitafute mvujo kwa mkono, tumia kipande cha kadibodi. Oili ya presha ikipenya ngozi, kidonda huonekana kidogo sana, lakini ni cha kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 3: Pasha oili hadi 50 °C

Oili baridi ni nzito na huficha mivujo ya ndani. Ukipima asubuhi kabla mashine haijapata moto, utaandika namba nzuri za mashine mgonjwa. Ikiwa inagoma ikiwa moto tu, rudia vipimo vyote kwenye joto lile inapogomea.

Hatua ya 4: Pima chaji

Liva ikiwa katikati, soma kwenye sailensa (injini ikizunguka polepole bila mafuta kuongezwa), kisha kwenye raundi za juu. Tuseme kitabu cha mashine kinataka bar 24.

Ikiwa iko chini hata mashine ikiwa imesimama, tatizo liko karibu na pampu ya chaji: filta imeziba, hosi ya kufyonza imebanana, valvu ya rilifu ya chaji (inayoachia oili presha ikizidi) ina uchafu chini yake au springi imechoka, au pampu ya chaji imelika. Fungua rilifu kwanza, kwani ni kazi ya dakika chache. Usikimbilie kuongeza shimu (washa nyembamba za kukaza springi) ili geji ipande, unaficha uvujaji.

Ikishuka bar 1 hadi 3 pale roleri inapoanza kutembea, usiogope. Valvu ya kusafishia iliyoko kwenye mota, inayotoa sehemu ya oili ya moto kwenye mzunguko, hufunguka wakati huo, na rilifu yake huwekwa chini kidogo ya ile ya pampu. Lakini ikiporomoka hadi bar 12 au 10 chini ya mzigo, kuna mahali panapokunywa oili kuliko pampu ya chaji inavyoweza kuleta. Nenda hatua ya 6.

Hatua ya 5: Pima presha kubwa

Chomoa waya wa koili ya breki ili breki ibaki imeshika, ondoa watu mbele na nyuma, kisha sukuma liva taratibu. Shikilia sekunde 3 hadi 5 tu, maana nguvu yote ya injini inageuka joto. Kwenye roleri nyingi rilifu hufunguka kati ya bar 345 na 420; namba ya mashine yako imo kwenye kitabu chake.

Upande mmoja ukiwa dhaifu na mwingine mzima, zima injini, toa presha, kisha badilishana katriji mbili za rilifu za pampu. Udhaifu ukihamia upande wa pili, umepata mbovu bila kununua kitu. Usipohama, tazama pampu yenyewe na valvu yake ya liva.

Hatua ya 6: Tafuta anayekunywa

Piga hesabu kwanza. Pampu ya chaji ya cc 17 kwa kila mzunguko, kwenye raundi 2,200, inaleta lita 37 hivi kwa dakika, ikiwa mpya. Hizo ndizo za kugawana.

Fungua hosi ya dreni ya mota, ziba ule mwisho unaoelekea tangini, na funga hosi nyingine inayoingia kwenye ndoo. Rudia kipimo cha hatua ya 5 kwa sekunde 5, pima oili iliyoingia, zidisha kwa 12. Ukipata lita 2.5, hiyo ni lita 30 kwa dakika. Toa kiasi cha valvu ya kusafishia, kilichoandikwa kwenye kitabu, kwa sababu nayo humwaga kwenye dreni hiyohiyo. Kinachobaki ndicho mota inachovujisha. Pima kila mota peke yake.

Usizibe dreni ya mota wala ya pampu hata kwa sekunde moja injini ikiwaka. Nyingi huvumilia bar 3 tu ndani ya kesi, yaani ganda lake. Zaidi ya hapo sili ya shafti inatoka.

Dreni ya pampu haisomeki kwa njia hii, kwa kuwa rilifu ya chaji nayo humwaga ndani ya kesi ya pampu. Mota zote zikiwa nzuri na chaji bado inaporomoka, pampu kubwa ndiyo imelika. Sasa una haki ya kuishusha.

Hatua ya 7: Ukibadilisha pampu au mota

Hapa ndipo pampu mpya nyingi hufia. Kwenye mzunguko uliofungwa, ni sehemu ndogo tu ya oili inayopita kwenye filta kila mzunguko. Chuma kilichobaki ndani ya hosi kinazunguka na kurudi moja kwa moja kwenye pampu mpya. Osha tangi, hosi zote mbili kubwa na rejeta ya oili, na ufungue mota upande wa pili hata kama inaonekana nzima.

Jaza kesi ya pampu na ya mota oili safi kupitia tundu la juu. Kata dizeli, piga stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya chaji isogee. Ndipo uwashe kwenye sailensa, na chaji isipopanda ndani ya sekunde 10, zima. Badilisha filta baada ya saa 50 za kazi, na ile ya zamani ikate kama ulivyokata ya kwanza.