Kuosha na kusawazisha kabureta nyumbani: usiiache njia ya jeti ndogo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa steji yetu hapa Busia alisukuma pikipiki yake ya sisi 100 mpaka mlangoni kwangu. Inawaka kwa choki tu. Ukirudisha choki, inazima. Alikuwa ameshalipa mafundi wawili, na kila mmoja alifungua kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), akaipuliza kwa mdomo, akaifunga. Ugonjwa huo naujua vizuri kwa sababu pikipiki yangu ya kwanza ilinila Jumamosi nzima na nusu ya Jumapili kwa shida hiyohiyo. Tuliifanya pamoja, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza, usikimbilie kabureta

Angalia filta ya hewa. Kwa vumbi la moramu la kiangazi, filta huziba kabisa, na pikipiki inayokosa hewa hulewa petroli hata kama kabureta ni mpya. Angalia plagi, na valvu kama hazijapimwa siku nyingi. Halafu mimina petroli kidogo kutoka kwenye tangi ndani ya chupa safi inayopenya mwanga, uiache itulie nusu saa. Ukiona matone yanatembea chini kama shanga, hayo ni maji. Safisha tangi kwanza, la sivyo kesho utarudi palepale. Petroli ya chupa za barabarani mimi siinunui, hata nikiishiwa njiani, afadhali nisukume.

Vifaa

Bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu, bisibisi bapa ya upana wa jeti, spana namba 10, mswaki wa zamani, sahani nyeupe na pampu. Jeti, vile vipande vyenye tundu dogo la kupimia petroli, ni za shaba nyeupe laini, na bisibisi isiyotosha itazila kingo mara moja. Yangu niliisaga kwenye jiwe mpaka ikatosha, na haifanyi kazi nyingine yoyote.

Kuhusu spea: nunua gasketi, oringi (pete ndogo za mpira) na sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa. Zile jeti zinazokuja kwenye pakiti ya bei rahisi usizitie. Tundu lake mara nyingi halilingani na namba iliyoandikwa, utasawazisha mpaka usiku bila kufika. Jeti ya asili iliyooshwa vizuri ni bora kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka.

Hatua ya 1: kutoa

Funga koki, mwaga petroli ya bakuli la chini, legeza vibano, itoe. Sigiri iwe mbali, na usifanyie ndani ya nyumba.

Hatua ya 2: kufungua bakuli

Skrubu nne au tatu. Ikigoma, gonga kichwa chake kidogo kwa nyundo ukiwa umekaza bisibisi, kisha zungusha. Toa pini ya boya, boya na sindano yake. Tikisa boya karibu na sikio. Likisikika lina petroli ndani, badilisha. Toa jeti kubwa na jeti ndogo, weka kwenye sahani. Kama kabureta yako ina kifuniko cha juu chenye diafram ya mpira, itoe kabla hujatia dawa yoyote ya kuoshea, maana dawa hiyo huvimbisha mpira, na pampu ya upepo huupasua.

Hatua ya 3: jeti ndogo na njia yake

Hapa ndipo siku yangu ilipopotelea, kwa hiyo nenda polepole.

Pikipiki ikiwa imesimama inanguruma, au umevuta mafuta kidogo tu, inakunywa kupitia jeti ndogo. Jeti kubwa inaingia kazini ukivuta sana. Choki inaongeza utajiri wa petroli, ndiyo maana inaficha ugonjwa wa njia ndogo. Kwa hiyo ikiwaka kwa choki tu, usihangaike na jeti kubwa.

Tundu la jeti ndogo halifiki nusu milimita. Lielekeze angani utazame. Unatakiwa kuona duara kamili la mwanga. Ukiona mwanga wa umbo la mwezi mwandamo, kuna utando wa petroli iliyokauka, hata kama hewa inapita. Loweka kwenye petroli safi au dawa ya kabureta usiku kucha, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya laini wa umeme. Waya wa chuma, kama wa kebo ya breki, hapana. Unapanua tundu, na tundu lililopanuka halirudi.

Sasa skrubu ya mchanganyiko, ile ndogo iliyozama kwenye mwili wa kabureta. Kabla hujaitoa, izungushe kuingia taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse chini. Usiikaze. Andika hesabu. Kisha itoe yote. Aina nyingi hutoka na springi, na aina nyingine zina pia wosha nyembamba na oringi ndogo kama punje ya mtama.

Ile oringi ndiyo iliyonitesa. Mara nyingi skrubu na springi hutoka, oringi hubaki imeganda chini ya tundu. Mimi sikujua. Nilitia oringi mpya juu ya ile ya zamani, nikafunga, nikawasha: inazima. Nikafungua tena, nikaosha jeti, nikafunga. Mara tatu. Dalili niliyokuwa nayo muda wote bila kuielewa ni kwamba nilizungusha skrubu ile huku na huku na mlio haukubadilika hata kidogo. Jumapili nikamulika tundu kwa tochi ya simu, nikaona duara jeusi chini kabisa. Nikakunja ncha ya waya mwembamba, nikaivua kama samaki. Kwa hiyo: mulika, hesabu vipande, usitie dawa wala oringi mpya kabla ya kuona chini ni peupe.

Baada ya hapo pitisha upepo. Wa mdomo hautoshi na una unyevu. Tumia pampu, au nenda kwa fundi wa panchari mwenye kompresa. Puliza kwenye tundu la skrubu huku umeziba tundu la jeti ndogo kwa kidole, na usikie upepo ukitoka kwenye vitundu vidogo vya kooni, karibu na kilango kinachovutwa na kebo. Usiposikia, njia bado imeziba. Kinga macho.

Ya kijana wa steji ilikuwa hivyohivyo. Jeti safi, njia imejaa ute wa kijani.

Hatua ya 4: sindano ya boya

Rudisha boya na sindano mpya. Geuza kabureta juu chini, puliza kidogo kwa mdomo kwenye mrija wa petroli. Isipite. Igeuze kawaida, ipite. Ikipita hata imegeuzwa, itamwaga.

Hatua ya 5: kusawazisha

Rudisha skrubu ya mchanganyiko kwenye hesabu yako, au mzunguko mmoja na nusu kama huiamini. Endesha dakika kumi ipate moto. Injini baridi haisawazishwi.

Jua skrubu yako iko upande gani. Ikiwa upande wa filta, inapima hewa: kuitoa kunapunguza utajiri. Ikiwa upande wa injini, inapima petroli: kuitoa kunaongeza. Zungusha robo kwa robo, ukisubiri kila mara, mpaka mlio upande juu kabisa na utulie. Kisha shusha mlio kwa skrubu ya kilango, ile inayozuia kilango kisifunge kabisa. Piga resi ghafla. Ikisita kabla ya kupanda, au ikichelewa kushuka ukiachia, petroli ni haba au hewa inaingia kwenye mpira wa manifoldi, unaounganisha kabureta na injini. Ikitoa moshi mweusi, imezidi.

Kwa jeti kubwa na sindano ndefu, ile inayopanda na kushuka pamoja na kilango, soma plagi baada ya safari ndefu. Rangi ya kahawia ya udongo ni nzuri, nyeupe ni hatari, nyeusi yenye masizi ni utajiri. Klipu inayoshika sindano hiyo ikipandishwa tundu moja sindano inashuka na petroli inapungua. Hili linawahusu wanaopanda kwenda Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Ziwa Viktoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, na kule juu unakaribia 1,900. Hewa ni nyembamba, pikipiki iliyosawazishwa hapa itavuta vibaya kule na kula petroli.

Yake ilitulia kwenye mizunguko miwili kasoro robo. Tumeiandika kwa kalamu ya wino mzito chini ya kiti.