Nusu siku au siku nzima? Kupanga saa za maternele (shule ya chekechea) Lubumbashi

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza minervali (karo). Anzeni na usingizi.

Hatua ya 1: hesabu usingizi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Tuseme mnakaa komini ya Ruashi, mbali na katikati ya mji, shule iko mjini na inaanza saa moja na nusu: mtoto ataamka saa kumi na moja na nusu. Kama bukari (ugali) inaiva usiku na analala saa tatu, amepata saa 8 na nusu tu. Siku nzima bila kulala mchana itamwelemea. Jioni atakuwa na hasira, asubuhi atalia mlangoni, na watu watasema hapendi shule, kumbe ni usingizi.

Hatua ya 2: pima njia siku ya Jumatatu, saa ileile, kwa teksi-bisi au manseba (teksi ya pikipiki) mtakayotumia kweli. Ongezeni dakika 20 za mvua.

Hatua ya 3: tembeleeni shule saa sita mchana. Asubuhi kila shule inapendeza. Saa sita mtaona kama kila mtoto ana mkeka wake, kama chumba kina hewa, na kama madamu (mwalimu) anabaki na wanaolala. Waangalieni hasa wale ambao hawajachukuliwa: wako darasani na mtu mzima, au wamekaa getini? Chakula cha mchana kinapikwa pale? Wali na mchuzi uliofungwa alfajiri haufai kuliwa saa saba.

Hatua ya 4: nani anamchukua? Mpeni direktrisi (mkuu wa shule) majina mawili kwa maandishi. Dereva wa manseba peke yake na mtoto wa miaka 3, hapana.

Kwa mtoto wa miaka 3, chagueni nusu siku kuanzia Septemba mpaka Desemba. Lakini kama saa sita hakuna mtu nyumbani, afadhali siku nzima yenye usingizi kuliko mtoto kuzungushwa kwa majirani. Wa miaka 5, anayekaribia shule ya msingi, huivumilia siku ndefu.

Sasa bei. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule za msingi za serikali, maternele mnalipa. Kabla ya kulipa, ulizeni kama mnaweza kuhama kutoka siku nzima kwenda nusu siku katikati ya muhula bila kupoteza pesa, na jibu liandikwe kwenye risiti.