Nywele za singa zikijaa mafuta na maji hakuna: tumia poda

Nywele za singa na joto la Mombasa havipatani. Umeosha Jumatatu, Jumatano asubuhi mashina yashalala kichwani yanang'aa mafuta, na siku hiyo ndiyo mfereji hautoi hata tone. Wateja wangu wengi huvaa mtandio kutwa, jasho na mafuta yakabaki humo humo.

Poda ina kazi moja: wanga hufyonza mafuta. Hausafishi. Vumbi na jeli ya juzi havitoki, na ukikutana na jasho hugeuka uji. Kwa hivyo, shoga yangu, usiimwage poda ukiwa ndiyo kwanza umeshuka matatu umelowa. Keti mbele ya feni mpaka shina la nywele likauke kabisa.

Shampuu kavu ya kopo ni nzuri, ila bei yake, na gesi iliyomo inashika moto. Usipulize karibu na jiko wala pasi ya nywele. Mimi natumia konflawa, ile ya kufanyia supu nzito. Si unga wa ugali, tafadhali! Sembe ina chembe, utadhaniwa una mba. Poda ya mtoto ukitaka kuitumia, soma kibandiko: iwe ya wanga. Yenye talki iache. Tangu 2024 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani.

Kwa nywele nyeusi, konflawa tupu huacha weupe. Changanya vijiko viwili vya konflawa na kimoja cha kakao isiyo na sukari, chekecha, tia kwenye kikopo kikavu. Nywele zikiwa nyeusi tititi, ongeza kakao kidogo kidogo.

Wakati wake ni usiku, kabla ya kulala. Wengi hungoja asubuhi wakiwa na haraka, wakatoka na kichwa cheupe. Pasua njia kwa kitana, chovya brashi ya poda ya uso, ikung'ute, kisha pitisha kwenye shina tu: utosini, juu ya masikio, kwenye paji. Ncha ziache, hizo ni kavu tayari. Pumua kando, vumbi lile si la kuvuta kifuani. Ngoja dakika kumi, sugua taratibu kwa ncha za vidole, si kwa kucha, halafu inama uchane kuelekea chini. Jifunge kitambaa cha pamba ulale. Asubuhi chana tena, na hapo ndipo uvae mtandio mweusi, si kabla.

Mwenye kipilipili hahitaji haya. Kichwa chake kwa kawaida kinalilia mafuta, hakiyakimbii. Aliyesuka pia aache, kwani unga ukinasa kwenye misuko hautoki mpaka ufumue. Nywele zilizonyooshwa kwa pasi, hizo poda inazifaa sana, maana maji yatazirudisha zilivyokuwa. Mwenye mapunye, vidonda au mba wa kuwasha, asijifunike kwa poda, atibiwe.

Usipake poda siku mbili mfululizo. Maji yakija, chana poda yote itoke kabla hujalowesha, kisha piga shampuu mara mbili, ya kwanza kwenye ngozi ya kichwa tu.