Mwewe wa Mwaloni: jinsi ya kufanya fokasi isikuache njiani

Ukipiga picha pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, unawajua wale mwewe wanaozunguka juu ya dagaa, anashuka spidi unabonya, ukija kuangalia picha mwewe ni ukungu mtupu ila mtumbwi wa nyuma umetoka safi hadi misumari unaiona. Wengi hapo wanalaumu lenzi, wakati mara nyingi ni setingi tu.

Kwanza itoe kamera kwenye AF-S, fokasi ya kupima mara moja (Canon wanaiita One Shot). Hiyo ikishapata umbali inaganda hapohapo, na mwewe hagandi. Weka AF-C, fokasi ya kufuatilia bila kukoma, kwa Canon ni AI Servo au Servo. Hapo ukishikilia batani nusu kamera inapima upya mfululizo, inalinganisha mwanga uliopitia upande mmoja wa lenzi na uliopitia upande wa pili, ule utofauti ndo unaiambia mota isogee upande gani na kiasi gani. Ikishapata vipimo kadhaa inapiga hesabu mwewe atakuwa wapi shata (lile pazia la kuruhusu mwanga) ikifunguka, yaani kama unavyompigia pasi winga anayekimbia, mpira unautanguliza.

Ndo maana usisubiri afike. Mshike akiwa bado mbali, kidole kiko nusu, zunguka naye kiunoni, afu akianza kushuka ndo unamalizia kubonya. Akikuponyoka using'ang'anie maana fokasi ishahamia majini, achia, mrudishe kwenye fremu, bonya tena. Na anayekuja usoni ni mgumu kuliko anayepita pembeni, kadri anavyokaribia lenzi inatakiwa isogee zaidi kwa muda uleule, kamera za zamani hapo huwa zinanyoosha mikono.

Kwenye pointi za fokasi, vile vidoti vya kulengea, ukiweka moja ya katikati utampoteza, ukiweka zote kamera itadaka milingoti. Mimi natumia kundi dogo la katikati. Kama kamera yako inatambua ndege washa, ila hakikisha umechagua ndege sio watu, Mwaloni nyuso ni nyingi bana, utajikuta umefokasi mama anayechambua dagaa. Kwenye menyu pia kuna sehemu ya kuamua kamera iwe nyepesi au nzito kuhamia kitu kingine, ivute kidogo upande wa nzito ili mlingoti ukipita mbele isimwache mwewe.

Spidi ya shata anza na 1/2000 ya sekunde, ukishuka chini ya 1/1000 mabawa yanavutika afu unasingizia fokasi. ISO, ile setingi ya wepesi wa kamera kwa mwanga, iache auto.

Nenda asubuhi. Jioni jua linazamia upande wa ziwa, unapiga ukiwa umelitazama, mwewe anakuwa mweusi tii na kamera haioni mistari ya manyoya ya kushikia. Na kama lenzi yako ndefu ina kale kaswichi ka pembeni ka kukata umbali wa karibu kaweke, isipoteze muda kutafuta ndege puani kwako.